Kidude cha Kunusa Tochi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeyasema maneno hayo kwa miaka mingi, mbele ya watu, mkono mmoja mfukoni, na wengi waliniamini kwa sababu mwenyewe nilikuwa nayaamini. Mtu aliyefika Johannesburg na mfuko mmoja wa rambo na darasa la nne la Kahama, akalala miezi saba ndani ya basi bovu kwenye skrepa ya watu, halafu miaka kumi baadaye akainunua skrepa ile ile, huyo utamshangaza na nini? Nimeona mtu akija kununua mlango wa gari, akaukazia macho, akapatana bei, akalipa, na mlango wenyewe ni wa gari lake lililoibwa wiki iliyotangulia. Akanishukuru kwa punguzo. Sikushtuka. Nilimfungia kwa kamba juu ya pikapu ya shemeji yake, akaenda.

Skrepa yangu iko Rosettenville, nyuma ya duka la mikate la Mreno. Tunachinja magari. Gari likipata ajali, kampuni ya bima ikilitupa, mimi nalinunua mnadani, naling'oa injini, giaboksi, taa, viti, mpaka kitasa. Sikusomea. Nilianza kwa kuosha magari ya watu waliokuja kutazama mbio za farasi Turffontein, nikawa nafungua boneti zao kwa ruhusa na bila ruhusa, nikajifunza. Leo mafundi wenye vyeti wananipigia simu mimi kuuliza.

Na kila kitu nilichonunua katika nchi hii nilikiandikisha kwa jina la mke wangu.

Nieleze hapo, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Mke wangu amezaliwa Morogoro. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa huku, aliyekimbilia kwetu wakati wa ubaguzi. Mama yake ni Mluguru. Nchi ilipofunguka baba akarudi na familia yake, na binti akaja akiwa na miaka kumi na miwili, hajui Kizulu, hajui Kisotho, anajua Kiswahili na nyimbo za shule ya msingi. Akakulia huku. Kitambulisho chake ni cha mwenyeji. Changu mimi ni kibali, karatasi ya kuombwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na kila unapoiomba unarudi kuwa mgeni wa jana. Kwa hiyo wanaume wa namna yangu, tuliooa wenyeji, tuna desturi yetu: skrepa jina lake, nyumba jina lake, akaunti jina lake, gari jina lake. Nilikuwa naringia jambo hilo. Niliwaambia wenzangu, "Mimi nina mwavuli. Mvua ikinyesha, simo."

Mwaka 2015 nilinunua gari la spoti. Milango miwili, rangi ya bluu iliyokolea, pua imebondeka kabisa, mifuko ya hewa imetoka kama matumbo. Waliolitazama mnadani walisema hilo ni la kuchinja tu. Nililichukua nikalijenga upya kwa mikono yangu, miezi mitano, kila Jumapili baada ya ibada. Siku nilipolitia moto mara ya kwanza, Mreno wa mikate alitoka nje na unga mikononi. Lilikuwa likinguruma taratibu, kwa dharau, kama tajiri anayesafisha koo. Nikaliandikisha. Jina la mke wangu.

Barua za faini zilianza kuja mwezi uleule. Kwa jina lake, bila shaka.

Alikuwa na desturi ya kusoma mezani jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuamsha watoto. Alikuwa anasomea ualimu kwa njia ya posta, somo moja moja, mwaka wa sita huo. Mimi nilikuwa namtania. Nilikuwa nasema, "Mama watoto, ungekuwa umechinja magari muda huo wote ungekuwa na skrepa yako." Naye hujibu bila kuinua macho, "Skrepa ni yangu. Tazama hati." Tunacheka. Siku hiyo alikuwa ameifungua barua kwa kisu cha siagi.

"Baba watoto," akasema, "hapa wanasema nimekimbiza gari kilomita tisini na nne mahali pa sitini. Mimi. Siku ya Alhamisi."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" nikamwuliza.

"Naona nilikuwa nakimbilia sokoni kununua mchicha." Akaikunja ile barua. Halafu akaacha kucheka. "Sikiliza lakini. Hizi ni faini za barua, tutalipa, zitaisha. Ila jina langu nalihitaji safi. Mwalimu hapewi darasa mpaka polisi wathibitishe hana kosa lolote, wanachukua mpaka alama za vidole. Miaka sita naamka alfajiri kwa ajili ya jina hilo. Punguza mguu."

Nilimwambia nitapunguza. Na nilikuwa na nia, naapa. Lakini mtu aliyeliinua gari kutoka kaburini hawezi kuliendesha kama anasindikiza maiti. Nikafikiri: tatizo si mguu. Tatizo ni tochi. Kwetu tunaiita tochi, ile mashine ya trafiki ya kupimia mwendo, kwa sababu wanakumulika nayo. Kama ningeweza kuijua kabla haijanimulika, mguu ungebaki wangu na jina lingebaki safi. Ndivyo nilivyopiga hesabu, na nilijiona mwenye akili kupita waliosoma.

Nikaenda Fordsburg.

Nilimjua mtu pale kwenye lile soko kubwa lenye paa, Mswahili wa Mombasa, aliyekuwa na duka la redio za magari lisilozidi upana wa kitanda. Kofia ya kiua, ndevu zilizochanwa, kikombe cha chai ya tangawizi daima kando ya kikokotoo. Nilipomweleza alicheka, akatazama kulia na kushoto, akashusha nusu ya chuma cha mlango.

"Tajiri, hicho kitu hapa nchini hakitakiwi," akasema. "Si kukitumia tu. Hata kuwa nacho garini ni kosa."

"Kwa hiyo huna?"

"Nimesema hakitakiwi. Sikusema sina."

Akatoa vitatu, akavipanga juu ya kitambaa kama mtu anayeuza saa. Cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, cha kubandika kwenye kioo cha mbele. "Hichi chasikia vizuri, lakini trafiki akikuona nacho akichukua, nawe akuchukua." Cha pili kilikuwa cha rahisi, kina redio na saa ndani yake. "Hichi ami usinunue. Chapiga kelele kwa kila kitu. Ukipita karibu na jiko la umeme, chalia." Cha tatu hakikuwa na umbo la kusema. Vijicho viwili vyeusi, vya kufichwa nyuma ya wavu wa pua ya gari, nyaya, kiboksi cha kuweka chini ya usukani, na taa moja ndogo kama punje ya mchele, pamoja na filimbi yake.

"Na hichi?"

"Hichi ndicho chenyewe. Kikishafungwa, hakuna wa kukiona. Hata mkeo hatajua kama kimo."

Nilicheka kwa sauti. Nakumbuka nilipiga meza, chai ikamwagika. Katika maneno yote aliyoniambia mtu yule, hayo ndiyo yaliyonifanya nichague. Tukavutana bei, nikatoka mara mbili na kurudi mara mbili, na mwisho nikalipa randi elfu saba na mia nane, taslimu, noti kwa noti.

"Tajiri," aliniambia nikiwa natoka, "weka swichi ya kukizima. Mahali pa kuegesha, mahali pa kumwazima mtu, zima."

Nikamwambia mimi si mtu wa kuazima watu gari.

Nilikifunga mwenyewe. Kazi safi, hata leo nikiikumbuka naisifia, na najichukia kwa kuisifia. Nyaya nilizipitisha pamoja na za taa, nikazifunga na utepe wa kiwandani, mtu angefungua boneti asione cha ajabu. Swichi sikuweka. Niliona kuchimba tundu jingine kwenye dashibodi ile ni dhambi. Nikajiambia, siku nikitaka kukizima nitachomoa fyuzi yake, sekunde ishirini.

Jumatatu nikaenda kukijaribu kwenye ile barabara inayopita kando ya uwanja wa farasi. Pale trafiki hupenda kujificha nyuma ya ukuta, asubuhi, wakati watu wanawahi kazini. Nilikuwa bado mbali, ukuta wenyewe siuoni vizuri, mara punje ya mchele ikawaka na filimbi ikaanza: piii, piii, piii. Nikakanyaga breki. Nikapita mbele ya trafiki kwa mwendo wa bibi harusi, nikamnyooshea mkono. Naye akanijibu mkono! Nilirudi skrepa nikausimulia mkono ule kwa wiki mbili. Fundi mmoja Mkongo, mtu mzima mwenzangu, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mkubwa, wewe si ulete tu gari polepole?" Nikamwambia ndiyo maana bado anapanga chumba.

Kilikuwa na tabia moja. Milango ya maduka makubwa, ile inayojifungua yenyewe, ilikichanganya. Ukipita karibu kinaanza kupiga kelele. Jumamosi moja tulikwenda kununua vitu vya nyumbani, mke wangu kakaa pembeni yangu, tukawa tunaegesha.

"Nini hicho kinacholia?" akauliza.

"King'ora cha wezi. Kinajipima."

"Kinajipima mbele ya duka la mboga?"

"Wezi wako kila mahali, mama watoto."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akatikisa kichwa. "Haya. Mwenye gari ni mimi, lakini mjuzi ni wewe."

Nilikuwa na nafasi pale. Gari limesimama, watoto wako kwa bibi yao, tuko wawili tu. Ningemwambia, angenifokea mpaka jioni, na jioni ningekichomoa. Nilishuka nikaenda kuchukua toroli.

Sasa nifike kwenye ile Ijumaa.

Ilikuwa 2016. Mke wangu alikuwa amebakiza kitu kimoja tu katika masomo yake, kufundisha darasa huku mhadhiri amekaa nyuma anamwangalia na kuandika. Shule ya msingi huko Turffontein, darasa la tatu, somo la hesabu. Alikuwa amekata miduara ya maboksi kwa ajili ya sehemu, nusu na robo na thumni, akaipaka rangi. Kwa wiki nzima meza yetu ya kulia chakula ilikuwa imejaa vipande vya maandazi ya karatasi.

Alikuwa na gari lake dogo la shughuli za kila siku. Siku moja kabla, Alhamisi jioni, alikuja mteja anataka starta ya gari la aina ile ile, ana haraka, anasafiri kwenda Limpopo. Stoo sikuwa nayo. Mimi mteja simkatai, ndivyo nilivyotajirika. Nikachukua spana nikaifungua ya gari la mke wangu, nikampa, nikajiambia kesho mapema nitatafuta nyingine. Kesho mapema nikasahau.

Asubuhi akatoka na maboksi yake, kavaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe, akawasha gari, likatoa mlio wa kuku mgonjwa. Hakupiga kelele. Alisimama tu pale uani, akanitazama.

"Umetoa nini?"

"Starta. Nilikuwa nairudisha leo leo."

"Leo ni leo, baba watoto. Mhadhiri anaingia saa tatu."

Nikaenda kumchukulia ufunguo wa lile la bluu. Natembea kuelekea kwake na ufunguo mkononi, na kile kitu kikanijia kichwani, wazi kabisa: fyuzi. Sekunde ishirini. Simu ikaita. Mteja wa giaboksi, mtu wa pesa nzuri. Nikapokea, nikampa mke wangu ufunguo huku naongea, nikampungia mkono. Aliweka miduara yake kwenye kiti cha pembeni, akaifunga na mkanda ili isidondoke, akaondoka polepole, roboti ya kwanza, yaani taa za barabarani, ikawaka nyekundu, akasimama. Nilimwona mpaka hapo.

Alikwenda salama. Trafiki walikuwa bado hawajafika pale kwenye ukuta wao, nafikiri. Ni wakati wa kurudi, kama saa sita, ndipo alipowakuta wamefunga barabara, wanamulika magari na kukagua leseni. Alikuwa anakwenda mwendo wa hamsini. Hakuwa na kosa lolote barabarani. Lakini tochi ilikuwa inafanya kazi, na kidude changu nacho kilikuwa kinafanya kazi, na kikapiga filimbi tangu mbali mpaka aliposimama mbele ya trafiki na kuteremsha kioo. Hapo kikapiga zaidi.

"Mama, nini hicho kinacholia?" trafiki akamwuliza.

Akajibu kwa moyo mweupe, "Ni king'ora cha wezi. Kinajipima."

Nilifika kituo cha polisi saa nane kasoro. Nilikuwa nimevaa koti langu la ngozi. Nilibadilisha makusudi, nipate kuonekana. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, mfuko wa miduara mapajani. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la chaki.

"Wamenicheka," akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Nimemwambia ni king'ora cha wezi, akacheka, akawaita wenzake waje wanisikie nikirudia. Nikarudia. Ni nini kile?"

Nikatazama pembeni. "Cha kunusa tochi."

Aliukumbatia mfuko wake. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nasema uongo na mimi sijui."

Askari wa kaunta alikuwa mtu mzima, mpole, miwani puani. Alituita. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, nikamwelewa vizuri. Chombo kimekutwa ndani ya gari, gari ni la mama, dereva ni mama. Akatutazama wote wawili. "Nani alikifunga?"

Hapo. Swali lilikuwa fupi hivyo.

Faili langu la kibali lilikuwa limekaa ofisi ya uhamiaji miezi minne sasa, nasubiri jibu. Nilijua wanaangalia kila kitu. Nilijua watu waliokataliwa kwa ugomvi wa baa. Nikahisi mwavuli wangu mkononi, na kama kawaida yangu nikaufungua. Nikamgeukia mke wangu nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, askari asielewe:

"Wewe ni mwenyeji. Mimi mgeni. Wewe hawakufanyi kitu."

Askari akasubiri, hakuna aliyesema, akaandika.

Akatueleza njia mbili. Mama anaweza kuomba dhamana, arudi Jumatatu mahakamani, amweleze hakimu habari yake, na kama kuna mtu mwingine anayehusika naye aje aseme. Au anaweza kusaini karatasi hii hapa ya kukiri kosa, alipe faini, aende nyumbani sasa hivi. Alivyosema "mtu mwingine" hakunitazama. Nilimshukuru moyoni kwa adabu yake. Leo natamani angenitazama.

Mke wangu akaivuta karatasi. Upande wa nyuma ilikuwa na maandishi madogo, mistari imebanana.

"Ngoja nisome," akasema.

"Unasoma nini? Hiyo ni risiti tu."

"Risiti haina sahihi yangu. Ngoja."

"Mama watoto, nina mtu wa giaboksi amesimama getini toka saa saba. Unataka urudi Jumatatu usimame kizimbani na majambazi? Tulipe yaishe. Kila kitu nchi hii ukilipa kinaisha."

"Baba watoto, hapa pameandikwa..."

"Umechoka. Umefundisha toka asubuhi. Saini, twende nyumbani ukanywe chai."

Nilichomoa kalamu yangu mfukoni, ile ya kusainia hundi, nikaiweka kati ya vidole vyake. Mtu aliyeishia darasa la nne akamfundisha mwalimu jinsi ya kusoma. Akaniangalia kwa muda mrefu, na mimi nikafikiri ananishukuru kwa kumaliza mambo. Akasaini.

Halafu wakamchukua alama za vidole. Askari alijaribu kidole gumba, alama ikatoka na mabaka, akajaribu tena. "Mama, mikono yako ina chaki. Nenda kanawe kwanza." Akaenda kunawa chaki, akarudi, akapakwa wino vidole vyote kumi. Mimi nililipa. Niliomba risiti kwa sauti, kama nilivyozoea.

Ndani ya gari nilimwuliza somo lilikwendaje. Akasema, "Vizuri." Ilipita zaidi ya mwaka kabla sijajua kwamba mhadhiri alimpa alama za juu kuliko wenzake wote, na kwamba mwalimu mkuu wa shule ile alisimama mlangoni akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepanga kunisimulia siku hiyo mezani, kwa chai.

Akahitimu. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele vya kiume ukumbini, nikachinja mbuzi wawili, nikasimama na kusema nimemsomesha mke wangu. Watu wakapiga makofi. Yeye akatabasamu na kuangalia sahani.

Mwanzoni mwa 2018 mwalimu mkuu yule wa Turffontein akampigia simu. Nafasi ipo, darasa la tatu lile lile, kamati ya wazazi imekubali, imebaki karatasi ya polisi tu. Mke wangu alikata vitambaa vya mapazia ya darasa kabla hata ya kuanza. Vya njano. Alisema darasa lile linapata jua kali asubuhi.

Karatasi ilirudi baada ya wiki kadhaa. Siku hiyo alikuja nayo skrepa, jambo asilolifanya kamwe saa za kazi, akapita katikati ya injini zilizomwagikiwa oili na viatu vyake vya heshima. Mafundi wakaweka spana chini. Akanipa.

"Soma."

Nikajaribu. Niliona jina lake, na neno moja la Kiingereza, lile la kosa la jinai, nilijualo vizuri, maana wateja wangu wengine wanalo.

"Ni kosa gani hili?" nikasema. "Wewe huna kosa. Tulilipa! Nina risiti!"

"Haikuwa risiti. Nilikuambia ngoja nisome. Pale nyuma palikuwa pameandikwa ukisaini umekiri, na ukikiri umehukumiwa. Mstari wa tatu. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu, baba watoto, wakati uliponipa kalamu."

Hakupaza sauti. Fundi Mkongo, yule anayepanga chumba, alivua kofia yake.

Mimi, mtu asiyeshangazwa, nilikaa chini juu ya bloku ya injini, nikaisoma tena ile karatasi.

Nilivaa suti nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia ukweli wote, kidude changu, mkono wangu, kalamu yangu. Alinisikiliza kwa heshima, akanimiminia maji. Alisema kamati ilikwisha kaa. Waliposikia neno kosa la jinai hawakutaka kujua ni la nini. Kulikuwa na mwombaji wa pili, karatasi yake safi. Akanisindikiza mpaka nje, na mlangoni akauliza, si kwa ubaya, "Baba, maneno haya kwa nini hukuyasema siku ile?"

Nikamwambia kibali changu kilikuwa ofisini. Kilitoka, kwa kweli. Kilitoka miezi miwili baada ya ile Ijumaa, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Mwanasheria alisema kuna njia ya kuomba mahakama ya juu, ndefu, haina ahadi. Vinginevyo ni kungoja miaka kumi toka siku ile ndipo aombe kufutiwa. Mke wangu akahesabu kwa vidole pale pale: atakuwa na miaka arobaini na sita. "Nitangoja," akasema, na akamshukuru mwanasheria. Nilimwambia nitalipa mahakama ya juu, nitalipa mawakili wawili, watatu. Akasema, "Usilipe kitu tena kwa ajili yangu."

Sasa anafundisha watoto wa majirani hesabu, mezani kwetu, alasiri, wanne watano kwa mara moja. Miduara ya nusu na robo bado inafanya kazi, imekunjika pembeni. Mapazia ya njano yako dirisha la jikoni. Alfajiri haamki tena saa kumi na moja. Analala mpaka kunakucha, na mimi ndiye ninayeamka, natengeneza chai, nakaa kwenye kiti chake. Najaribu kusoma. Kila karatasi inayoingia nyumbani naisoma, mpaka nyuma, mpaka tangazo la duka, kidole kwenye mstari. Neno nisilolijua namwuliza, naye ananieleza kwa subira ile ile anayowaeleza watoto. Kwa kila kitu kingine hatuongei sana.

Gari la bluu nililiuza mwaka jana. Kabla sijalikabidhi nilikaa chini ya usukani wake, nikakata nyaya za kidude moja moja; polisi walikuwa wamechomoa fyuzi tu, kukitoa hawakuweza. Mnunuzi alikuwa amesikia sifa za kile kidude, maana niliwahi kumsimulia kila mtu, akaniomba nimwachie. Akaniuliza kilinigharimu kiasi gani.

Zamani ningemwambia elfu saba na mia nane, na ningeeleza nilivyotoka dukani mara mbili. Siku hiyo niliingia ndani, nikafungua faili ambamo mke wangu ameweka cheti chake cha ualimu, na nyuma ya cheti nikatoa karatasi yenye muhuri wa kituo, yenye jina lake, ile risiti ya faini niliyoiomba kwa sauti. Nikarudi nje nikamsomea tarakimu zilizopo, kidole kwenye mstari: randi elfu moja na mia tano.